Hiyo gari kwenye sinema bubu ni gani? Utatuzi wa matatizo, dalili kwa dalili

Unaangalia kichekesho cha 1915 hivi, polisi kibao wamening'inia kwenye gari moja, gari inakata kona, inaonekana sekunde mbili afu inazama kwenye banda la kuku. Wenzako wanacheka, wewe umestopisha unauliza ile ni gari gani. Haya, andiko hili ni la kwako. Nimelipanga kwa dalili kama fundi anavyopokea gari gereji, unaanza na kinachoonekana, afu ndo tunatafuta sababu.

Kabla ya yote jua hesabu ilivyokaa. Marekani ya mwanzo wa karne iliyopita ilikuwa na majina ya magari zaidi ya elfu moja, mengine yalitoa magari machache tu kiwanda kikafa. Lakini Ford Model T peke yake, toka 1908 mpaka 1927, ilitoka zaidi ya milioni 15, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 karibu nusu ya magari mapya ya Marekani yalikuwa Ford. Kwahiyo mi naanza hivi: gari yoyote ni Ford mpaka ithibitike vinginevyo. Watu wanaotafuta gari adimu wanapoteza wiki nzima kwa sababu tu hawataki kuanzia hapo, inaonekana kama aibu kusema Ford. Na jambo la pili, tafuta mwaka kwanza, jina baadaye. Ukijua ni ya 1909 ushafuta mamia ya majina bila hata kuangalia rejeta.

Gari inaonekana ndefu na imelala chini kupita kiasi

Usikimbilie kusema ni gari ya mashindano. Angalia tairi. Kama gari imesimama ubavu kwa ubavu na kamera na tairi si duara, zimevutika pembeni, basi tatizo ni la picha, mtu kachukua filamu ya umbo la karibu mraba akaivuta ijae kwenye tivii za sasa. Rudisha upana mpaka tairi ziwe duara, ndo uendelee.

Picha ikishakaa sawa unayo rula ya bure, tairi lenyewe. Chukua fremu ambayo gari iko ubavu kabisa, pima kipenyo cha tairi, afu pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya la nyuma. Model T tairi zake zilikuwa inchi 30 na umbali kati ya magurudumu inchi 100, yani tairi tatu na kitu. Ukipata tatu na robo, tatu na theluthi, bado uko kwa Ford au gari ndogo za aina yake. Ukipata karibu nne na watu ndani wanaonekana kama watoto, hiyo ni gari ya mwenye hela, mfano Pierce-Arrow 66 ilikuwa na umbali wa inchi 147 na tairi za inchi 37. Ukipata chini ya tatu, unaongelea gari za mwanzo kabisa za watu wawili. Kipimo hiki hakikupi jina ila kinakuokoa na ubishi mwingi.

Kuna gari moja kweli imelala chini na picha haina kosa, nayo ni American Underslung ya Indianapolis. Wao chasisi waliining'iniza chini ya ekseli badala ya juu yake, afu wakaweka magurudumu makubwa, kwahiyo unaona tairi kubwa mno na bodi iko karibu na ardhi. Regal wa Detroit nao walikuwa na ya kwao kwa mtindo huohuo, bei nafuu zaidi. Ukiona madigadi yako juu sana kuliko usawa wa chasisi, tafuta hao wawili.

Spoki zinazunguka kinyumenyume au hazihesabiki

Kamera zilizungushwa kwa mkono, fremu kama 16 kwa sekunde, na kwenye vichekesho walikuwa wanazungusha polepole makusudi ili kwenye sinema mambo yaende mbio. Spoki zinazorudi nyuma ni matokeo ya hiyo tu. Nenda fremu moja moja, tafuta ile ambayo gari inaanza kuondoka au inasimama, hesabu hapo. Model T ina spoki 12 za mbao kila gurudumu. Spoki za waya au sahani nzima ya chuma ni dalili ya pesa au ya miaka ya 1920, ingawa Ford nao waliuza za waya mwishoni kabisa, 1926 na 1927.

Usukani uko kulia

Hapa msomaji wa Dar au Nairobi anateleza kirahisi mana kwake usukani kulia ndo kawaida, macho hayashtuki. Wamarekani wanaendesha upande wa kulia wa barabara, kwahiyo usukani kulia ni swali.

Sababu ya kwanza na ya kawaida ni umri. Kabla ya 1913 hivi magari mengi tu ya Marekani yalikuwa na usukani kulia, hasa ya bei mbaya, na mikono ya gia na breki ilikuwa nje kabisa ya bodi, upande huohuo wa dereva. Ford alienda kushoto na Model T, wengine wakafuata kidogo kidogo. Cadillac walihamia kushoto na gari zao za 1915, zilezile zilizokuja na injini ya V8. Pierce-Arrow wa Buffalo waligoma mpaka 1920! Kwahiyo gari kubwa ya kifahari, mtaani ni wazi miaka ya vita kuu ya kwanza au baada yake kidogo, na usukani bado kulia, mtu wa kwanza kumshuku ni Pierce-Arrow. Afu angalia taa za mbele. Kuanzia 1914 wao walianza kuzipachika juu ya madigadi, kama zimeota pale, wakati wengine wote wanaziweka kwenye vyuma pembeni ya rejeta. Ila mteja aliyetaka taa za kawaida alipewa, kwahiyo taa kwenye madigadi inathibitisha, kukosekana kwake hakukatai.

Sababu ya pili, filamu imegeuzwa kushoto kulia na mtu aliyeiweka kwenye kopi mpya. Hapo soma maandishi ya madukani. Kama hakuna maandishi, angalia makoti ya wanaume, upande wa kushoto unalalia juu ya wa kulia. Ukiona wanaume wote wamefunga koti kinyume, geuza picha kwanza.

Sababu ya tatu, gari ni ya Ulaya kweli. Matajiri wa New York na wa Los Angeles walikuwa nazo, tena Fiat walikuwa na kiwanda chao Poughkeepsie, jimbo la New York, toka 1910 mpaka 1918, yani unaweza kuona Fiat ambayo ni Mmarekani wa kuzaliwa. Ukiona rejeta yenye umbo la peasi, nyembamba juu inapanuka chini, kumbuka hilo kabla hujasema filamu ilipigwa Italia.

Sioni rejeta

Dalili tamu kuliko zote, mana ndo inayokata haraka. Rejeta haipo mbele kwa sababu mojawapo kati ya hizi, na zinatofautishika hata kwenye kopi mbovu.

Boneti linashuka mteremko mbele, laini, kama halina uso: hiyo inaweza kuwa Franklin ya Syracuse, New York. Franklin waling'ang'ania injini inayopozwa kwa upepo toka 1902 mpaka wanakufa 1934, kwahiyo rejeta ya nini. Thibitisha kwa springi, zao zilikuwa duara kamili, vyuma vinapinda juu na chini vinakutana mwisho, gari inacheza mwendo wa mashua kidogo ukiiangalia kwenye barabara mbovu. Kuna kisa hapo, wauzaji wao walilalamika weee kwamba wateja wanataka gari yenye sura ya gari, mwishowe 1925 Franklin wakaweka rejeta ya uongo mbele, injini bado ya upepo. Injinia wao mkuu John Wilkinson akaondoka. Kwahiyo Franklin ya kuanzia 1925 hutaipata kwa dalili hii, tusidanganyane.

Boneti la mteremko lakini nyuma yake, usawa wa miguu ya dereva, kuna kitu kipana kimetokeza pembeni kushoto na kulia: hiyo ni rejeta, wameihamishia nyuma ya injini kwa mtindo wa Renault wa Ufaransa. Kwa gari ndogo fikiria Keeton wa Detroit, waliishi 1912 mpaka 1914 tu. Kwa lori fikiria Mack AC, ile yenye pua butu waliyoiita Bulldog, ilianza 1916 na iko kila mahali kwenye matukio ya ujenzi na ya vita. Watu wanachanganya Franklin na Renault halisi kila siku, ila ukishaona hayo matokezo ya pembeni ubishi umekwisha.

Boneti la mviringo, fupi, umbo la jeneza, na gari inaacha wingu jeupe wakati inaondoka: Stanley, gari ya mvuke ya Massachusetts. Chini ya lile boneti kuna boila. Tahadhari, kuanzia 1915 Stanley nao waliweka mbele kifaa cha kurudisha mvuke kuwa maji na kwa mbali kinaonekana rejeta kabisa. Na wingu jeupe peke yake si ushahidi mana kwenye vichekesho walikuwa wanatia moshi wa kutengeneza kwenye gari yoyote ile. Kama ni gari ndefu ya wazi imejaza abiria inapanda mlima Colorado, kuna uwezekano mkubwa ni lile basi dogo la Stanley lililokuwa linapeleka wageni hoteli ya F.O. Stanley, mmoja wa ndugu wawili walioanzisha gari hizo, pale Estes Park.

Hakuna boneti kabisa, magurudumu membamba marefu ya mkokoteni: hapa uko Magharibi ya Kati, 1907 mpaka 1912 hivi. Holsman wa Chicago, International Harvester, na Sears ambao walikuwa wanauza gari kwa katalogi, inakuja kwa treni ndani ya sanduku. Injini iko chini ya kiti. Mkulima alizipenda mana tairi refu linapita juu ya visiki na matope, na kwenye filamu za kijijini zinatokea kwa ajili ya kuchekwa.

Haina boneti, ni ndogo, mbele imejikunja kwenda juu kama ncha ya kiatu cha Kiarabu, na inaongozwa kwa mkono badala ya usukani wa duara: Oldsmobile Curved Dash, 1901 mpaka 1907. Hendeli ya kuwashia iko ubavuni, hiyo ni ya kuangalia.

Na ya mwisho, kibanda kirefu cha vioo, boneti fupi mbele na fupi nyuma karibu sawa, mama mwenye kofia kubwa anaendesha kwa mkono akiwa kiti cha nyuma na mgeni wake amekaa mbele anamgeukia. Gari ya umeme. Detroit Electric ndo nyingi zaidi, afu Baker na Rauch & Lang wa Cleveland, afu Milburn wa Toledo ambaye kibanda chake kiko chini kidogo na chepesi. Kuzitofautisha hizi inataka uone dirisha zinavyokatwa na kifuniko cha habu, yani kile cha katikati ya gurudumu, bila hivyo andika tu gari ya umeme ukalale.

Kila kitu kinasema Ford ila rejeta inakataa

Hii ndo kesi inayoleta ugomvi kuliko zote, ngoja tukae hapa kidogo.

Model T ya kawaida mpaka modeli za 1916 ilikuwa na rejeta ya shaba inayong'aa, kuanzia ya 1917 rejeta ikavikwa ganda jeusi na boneti likawa la mviringo zaidi. 1915 taa za gesi zikaondoka zikaja za umeme, ila umeme wenyewe unatoka kwenye magineto, kifaa cha kuzalisha umeme kinachozungushwa na injini, kwahiyo injini ikipunguza mwendo taa zinafifia, kwenye matukio ya usiku unaona kabisa. Stata ya umeme ikaja 1919, hendeli ikabaki inaning'inia mbele vilevile.

Sasa, kwa sababu zilikuwa nyingi na rahisi, ukazuka mji mzima wa viwanda vya vikorombwezo. Ulikuwa unaweza kununua ganda la rejeta lenye ncha, boneti refu, madigadi, hata bodi nzima ya gari ya mashindano, ukavalisha Ford yako ikatoka gari nyingine. Studio za Los Angeles nazo zilikuwa na mafundi wao, wanakata gari katikati, wanaifanya ipasuke vipande viwili, wanairefusha ibebe polisi kumi na. Kwahiyo usoni huwezi kuamini kitu.

Piga magoti uangalie chini. Subiri fremu gari inakuja usoni kwa kamera, au bora zaidi imepinduka, mana kwenye vichekesho zinapinduka mno. Chini ya rejeta ya Model T kuna springi moja tu, imelala kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kulia, katikati imenyanyuka miguu imeshuka kwenye ekseli. Nyuma nako ni hivyohivyo. Karibu gari nyingine zote za Marekani za wakati ule zina springi mbili mbele, kila moja imelala kwa urefu wa gari, na ncha zake zinatokeza mbele kama mikono miwili chini ya taa. Hiyo mikono miwili ukiikosa, afu umbali wa magurudumu ni tairi tatu na theluthi, spoki 12, basi hata kama rejeta imechongoka kama meli ya kivita, ile ni Ford imevaa nguo za watu.

Kuna na dalili ya mlango. Model T ya wazi iliyotengenezwa Marekani kati ya 1912 na 1925 haina mlango wa mbele kushoto, umechorwa tu kwenye bati. Dereva anaingilia upande wa abiria au anaruka ubavu. Ukiona dereva kwenye sinema anaruka kushoto, wala si sarakasi, hana njia. Ila kama ule mlango wa kushoto unafunguka kweli kwenye gari ya miaka hiyo, angalia Kanada, mana Ford ya Walkerville, Ontario, ilitengeneza zenye milango halisi pande zote, na wao ndo walikuwa wanauza kwenye makoloni ya Mwingereza ikiwemo huku kwetu, huko zikienda na usukani kulia. Picha za zamani za Nairobi zenye Ford, kwa asilimia kubwa ni za Kanada.

Gari ni nyeusi na pleti haisomeki

Nyeusi kwa macho ya nani? Filamu za wakati ule, mpaka katikati ya miaka ya 1920, hazikuwa zinaona rangi nyekundu, inatoka nyeusi tii. Njano inashuka inakuwa kijivu kizito, bluu inapanda inakuwa karibu nyeupe. Kwahiyo gari nyeusi kwenye sinema ya 1913 inaweza kuwa nyekundu ya damu ya mzee. Usitumie rangi kukataa wala kukubali gari, na zile kopi zilizotiwa rangi na kompyuta siku hizi ndo kabisa, mtu kabuni.

Lakini ujuzi huohuo wa rangi unafungua pleti, na vichekesho vingi vilipigwa mitaani Los Angeles kwahiyo jifunze pleti za California. Kabla ya 1914 mwenye gari alijitengenezea mwenyewe, ngozi, bati, mbao, chochote, namba inatoka serikalini ila pleti ni yako. 1914 jimbo likaanza kutoa zake za kaure, nyekundu yenye namba nyeupe, ambazo kwenye filamu zinatoka nyeusi na nyeupe, zinasomeka vizuri. 1915 zikawa njano na namba nyeusi, hapo kwenye filamu inakuwa kijivu na nyeusi, taabu. 1916 bluu yenye namba nyeupe, na hii ndo mbaya mana bluu inapauka, namba inapotelea humo humo. Pleti tupu isiyosomeka kabisa wakati kila kitu kingine kiko safi, mimi naishuku hiyo bluu. Ile bluu ilikaa mpaka 1919 na kila mwaka wanaongeza kibati kidogo cha umbo tofauti: 1916 dubu, 1917 ua, 1918 kengele, 1919 nyota. Ukiona kibati pembeni ya namba, zumu hapo kabla ya kitu kingine chochote. Kuanzia 1920 ni pleti mpya kila mwaka.

Pleti inakupa mwaka ambao gari ilikuwa barabarani, si mwaka wa kiwandani. Hilo lisahau uone.

Gari na tarehe ya filamu havikubaliani

Gari ikiwa ya zamani kuliko filamu hakuna tatizo, tena kwenye vichekesho kigari kizee ndo utani wenyewe, na filamu ya 1925 inayoigiza 1905 itatafuta gari za 1905. Gari ikiwa mpya kuliko filamu, basi ama umekosea gari ama tarehe ya filamu ni ya uongo. Usiogope kusema la pili.

Mfano mzuri ni ile filamu ya ndugu Miles ya Market Street, San Francisco, kamera imefungwa mbele ya tramu ya kebo inateremka barabara mpaka kwenye jengo la feri. Kwa miaka mingi iliandikwa kuwa ya 1905. David Kiehn, mwanahistoria wa filamu, akakaa na magazeti, taarifa za hali ya hewa na namba za magari. Barabarani kuna madimbwi, kwahiyo mvua ilinyesha siku za karibuni, na gari mojawapo namba yake ilisajiliwa mwanzoni mwa 1906. Tarehe ikasogea mpaka siku chache kabla ya tetemeko la tarehe 18 Aprili 1906 lililouangusha mji huohuo. Pleti tu hiyo! Na ukiiangalia kwa makini utaona kitu kingine, magari yanaonekana mengi kwa sababu yaleyale yanazunguka yanarudi tena mbele ya kamera. Kwahiyo kabla ya kuandika umeona gari tano za aina moja mtaani, hakikisha si moja imepita mara tano.

Mwaka sijaupata na pleti hakuna

Hapa unakwenda kwa vitu vidogo vidogo vinavyoungana, kimoja peke yake kinadanganya. Cheni ya nje inayozungusha magurudumu ya nyuma, mara nyingi ni kabla ya 1910. Viti vya mbele havina milango, kabla ya 1911 au 1912. Taa kubwa za shaba na mtungi wa gesi kwenye ubao wa kukanyagia, huo mtungi unaitwa Prest-O-Lite, kabla ya 1914 hivi kwa gari nyingi. Boneti linaishia kwenye ukuta wima wa mbao, zamani, boneti linapanda taratibu mpaka kwenye kioo, baada ya 1912. Tairi nyeupe au kijivu kote, mpira wa asili, kabla hawajaanza kuchanganya kaboni nyeusi, na tairi nyeusi zinajaa mwishoni mwa miaka ya 1910. Tairi nene za upepo mdogo, na breki unaziona mpaka kwenye magurudumu ya mbele, 1923 kwenda mbele. Bodi zilizofungwa kwa paa la kudumu na vioo zimejaa mtaa mzima, uko nusu ya pili ya miaka ya 1920, mana 1919 gari nyingi bado zilikuwa wazi na hema la turubai.

Taa moja katikati, au magurudumu hayajatimia hesabu

Haraka haraka. Taa moja tu imezama katikati ya rejeta: Briscoe ya Jackson, Michigan, za mwanzo za 1914, wakaacha mtindo huo mapema tu. Ubao mtupu, viti viwili, magurudumu manne ya baiskeli na la tano nyuma lenye injini linalosukuma: Smith Flyer ya Milwaukee, baadaye Briggs & Stratton wakaichukua. Watoto wa sinema waliipenda. Magurudumu manane: Octoauto ya Reeves, Columbus, Indiana, 1911, na ukiipata kwenye filamu nitafute mimi kwanza. Watu wawili wamekaa mmoja nyuma ya mwingine kwenye gari nyembamba: ni zile gari za mtindo wa 1913 mpaka 1915, mfano Woods Mobilette, hazikudumu.

Rejeta ni Rolls-Royce ila gari nyingine yote haifanani

Usimpe nyota wa sinema Rolls asiyokuwa nayo. Roamer wa Kalamazoo, Michigan, waliiga lile umbo la rejeta toka 1916, na Moon wa St. Louis wakaiga kuanzia karibu na 1919. Angalia kingo, Rolls halisi ni kali zimenyooka, hizi zimelegea kidogo mabegani. Afu angalia kifuniko cha habu. Na Rolls halisi nayo inaweza kuwa ya Marekani, walitengeneza Springfield, Massachusetts, toka 1921 mpaka 1931.

Packard ni rahisi zaidi, mabega ya rejeta yamekatwa kama nira ya ng'ombe toka 1904 na mikunjo ile inaendelea juu ya boneti, na katikati ya habu kuna pembe sita.

Haina dalili yoyote, inafanana na kila kitu

Hii ndo hali ya gari nyingi za 1917 mpaka 1924, na nasema wazi nyingine hazitatambulika. Sababu yake inajulikana. Viwanda vingi vidogo havikutengeneza gari, viliunganisha tu. Injini inatoka Continental, ekseli Timken, giaboksi kwa mwingine, rejeta na taa kwa mwingine, kilicho chao ni beji. Velie wa Moline, Elcar wa Elkhart, Gardner wa St. Louis, Davis wa Richmond Indiana, ukizitoa beji ukazipanga mstari hata mwenye kiwanda angesita. Hapa boneti halisaidii. Kinachobaki ni vitu vitatu, kifuniko cha habu, umbo la vipenyo vya hewa ubavuni mwa boneti na idadi yake, na mkato wa mlango. Chukua hivyo vitatu ukalinganishe na matangazo kwenye magazeti ya biashara ya magari ya mwaka huo, mengi yameskaniwa, picha zake ni za ubavu na zinaonyesha vipenyo vya hewa kimoja kimoja. Habu ikikosekana kwa sababu ukingo wa kushoto wa picha umekatwa, tafuta kopi nyingine, mana filamu bubu zilizopitishwa kwenye mashine za filamu za sauti zilipoteza kipande cha upande huo na kopi ya zamani zaidi inaweza kuwa nacho.

Ukikwama kabisa ukawapelekea wazee wa Horseless Carriage Club au wa Antique Automobile Club, vilabu vya wapenzi wa magari ya zamani Marekani, peleka fremu tatu, ya ubavu, ya mbele, na yoyote inayoonyesha habu, pamoja na mwaka wa filamu na mji ilipopigwa. Fremu ziwe hivyohivyo zilivyo na mikwaruzo yake. Zile programu za kusafisha picha kwa akili bandia zinabuni spoki, zinabuni herufi kwenye habu, na mtu mwenye jicho anaweza kupoteza jioni nzima akisoma jina la kiwanda ambacho hakijawahi kuwepo.